Konokono wa Tanganyika hawakutoka baharini

Ndugu mwandishi, makala nzuri, ila pale uliposema konokono wa Ziwa Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale umerudia dhana iliyokwisha kukataliwa zamani. Aliyeitangaza ni mwanabiolojia Mwingereza J. E. S. Moore, aliyefika ziwani mwaka 1896 na kuona magamba mazito, yenye mbavu na miiba, kama ya pwani. Ukimwangalia Tiphobia horei, mmoja wa konokono hao, na miiba yake mirefu, unaelewa kwa nini alishawishika.

Lakini uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa ukoo wao ni wa konokono wa maji baridi wa Afrika. Ziwa lilifunguka katikati ya milima ya Bonde la Ufa mamilioni ya miaka iliyopita, na humo wakagawanyika: wa mwambani, wa mchangani, wa kwenye tope la kina kirefu. Na yale magamba mazito? Mle ziwani wamo kaa wenye magando makubwa ya kuvunjia konokono. Konokono mwenye gamba jepesi aliliwa, mwenye gamba gumu akazaa. Hili lilistahili aya nzima, kwa kweli.

Pia hukugusa milima yenyewe. Miteremko ikikatwa miti, hasa upande wa Burundi, mvua hushusha udongo hadi ziwani na kufunika miamba ambako konokono hawa hula mwani. Wengi wao hawapatikani kwingine popote duniani. Tafadhali rekebisha aya ile, na makala ijayo utuandikie kuhusu udongo huo.