Hela ya palizi itumwe Juni

Mvua za vuli zikianza Mwanza, simu zinaanza kuingia kwetu tulioko Uingereza: bustani imejaa ndago, tuma hela ya palizi. Tunatuma. Wiki tatu baadaye ndago imerudi, nyingi kuliko mwanzo, na simu inalia tena. Nasema wazi kwamba hela hiyo inatumwa mwezi usiofaa, na nimelielewa hilo vizuri zaidi kwa kuangalia gugu la huku.

Huku kinachosumbua nyuma ya nyumba ni blakiberi, kichaka chenye miiba iliyopinda kama ndoano. Tunda lake tamu huiva Agosti na Septemba, ndege wakilila wanaangusha mbegu kwenye kila ua wa nyumba. Fimbo yake hurefuka mita kadhaa kwa msimu mmoja bila kuzaa. Mwaka wa pili inazaa, kisha inakufa, wakati wenzake wameshachipua chini. Ubaya wake uko kwenye ncha. Fimbo ikiinama na kugusa udongo, ncha ile inatoa mizizi na kuwa mche mpya, na hivyo kichaka kinatembea kutoka kwenye uzio hadi mlangoni.

Wenyeji wengi hukifyeka kwa mashine, wakaona pamesafika. Miezi miwili tu, vichipukizi vinatoka vinene kuliko vilivyokatwa, kwa sababu uhai wake umo kwenye fundo lililo chini ya udongo, ukubwa wa ngumi na wakati mwingine zaidi. Anayejua kazi hungoja Novemba hadi Februari, ndege wakiwa hawana viota. Anavaa glavu za ngozi, anakata fimbo na kuacha kisiki cha sentimita 30 ili apate pa kushika, anachimba kuzunguka fundo na kuling'oa lote. Vijizizi vyembamba vikibaki si taabu kubwa. Fundo likibaki, umepogoa tu. Kisha anakagua ile michipuko ya ncha mbali na kichaka, na majira ya kuchipua ya huku yakifika anang'oa miche ya mbegu ikiwa bado laini.

Ndago nayo ina ghala lake chini. Chimbua shina moja taratibu kwa mkono, usilivute. Utaona punje nyeusi ngumu, saizi ya harage, zimeunganishwa na uzi mwembamba kama shanga. Zile za chini zimelala, zinazuiwa na ile ya juu. Jembe likipita wakati wa mvua linakata uzi, na punje nyingi zilizokuwa zimelala zinaamka na kutoa majani yake. Ndiyo maana bustani iliyopaliliwa Novemba inarudi imefunga. Dawa ya kuua magugu ya glaifoseti nayo huingia kupitia jani bichi tu. Punje iliyokatika na ambayo bado imelala haipati kitu.

Sasa tofauti ya kwetu na huku. Baridi ya Uingereza haiui blakiberi, inalisimamisha tu. Jua la Mwanza la Juni hadi Agosti linaiua ndago, kwa sababu punje yake haistahimili kukauka. Tuna dawa ya bure kila mwaka, na tunaiacha ipite tukisubiri mvua ndipo tushike jembe! Hilo linaniuma.

Kazi yenyewe ni hii. Juni, udongo ukiwa umeanza kukauka lakini bado unachimbika, pindua ardhi kwa sururu au jembe la meno kwenda chini sentimita 20 hadi 30. Acha madongo makubwa wazi, usimwagilie. Baada ya wiki mbili pindua tena, vunja madongo, okota punje zinazoonekana. Usizitupe kwenye mboji wala kwenye samadi, zitarudi shambani pamoja nayo. Zianike juu ya mawe. Kwa jiji lenye majabali kama Mwanza hilo si tatizo. Zigeuze kila siku kwa wiki nzima, kisha pasua moja: ikiwa nyeupe na yenye unyevu ndani, bado hai. Pindua udongo mara ya tatu Agosti.

Mvua ikifika, panda viazi vitamu kwenye matuta, mche kila sentimita 30. Ndago inachukia kivuli, na marando yakishafunga tuta inadhoofika. Kabla hayajafunga, palilia kila baada ya wiki mbili, maana kuanzia wiki ya tatu hivi mche unaweza kuanza kutengeneza punje mpya. Usitegemee matandazo. Gugu maji lililotolewa ziwani na kukaushwa kabisa linafaa kwenye migomba, lakini ncha ya ndago hutoboa hata nailoni.

Msimu mmoja hautoshi. Mwaka wa kwanza utaona zimepungua, mwaka wa pili utapalilia kwa mkono. Kwa hiyo wewe uliye ugenini, tuma hela ya kibarua mara tatu: mwanzo wa Juni, katikati ya Juni, na Agosti. Kila mara omba picha ya punje iliyopasuliwa, na kama ndani bado ni nyeupe, mwambie aliyeko nyumbani aendelee kuzianika.