Usiihukumu CVT kwa mlio wake

Ukienda yadi ya Dar es Salaam au Mombasa kutafuta Toyota Fielder iliyotumika Japani, kuna ushauri utapewa hata kama hukuuomba: chukua ya zamani yenye otomatiki ya gia nne, achana na hii ya CVT (otomatiki ya mkanda na puli, isiyo na gia za kuhesabika), haivuti. Aliyeijaribu alikanyaga mafuta mpaka chini, mshale wa resi ukapanda ukakaa huko huko juu, injini ikalia mfululizo, akashuka akisema gari lina kelele tu.

Ushauri huo una ukweli ndani yake, nitaufikia. Ila kwenye suala la kuvuta, CVT imeonewa.

Fielder hizo mbili, NZE121 ya gia nne na NZE141 ya CVT iliyoifuata mwaka 2006, zinatumia injini ya aina moja, 1NZ-FE ya lita 1.5. Hutoa takriban kilowati 80 ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika. Kilowati hizo ziko pale juu tu. Resi ikishuka, zinashuka nayo. Sasa kanyaga mafuta yote kwenye ile ya gia nne. Gia ya kwanza ina uwiano wa 2.847 (mizunguko inayoingia kwenye boksi la gia kwa kila mmoja unaotoka), ya pili 1.552. Gia ikibadilika kwenye mizunguko 6,000, injini inaangukia kama 3,270. Msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa juu kabisa wa injini hiyo ni nyutoni-mita 141 hivi, na huupata ikishapita mizunguko 4,000. Lakini hata tukiipa msokoto wote huo pale chini, nguvu haizidi kilowati 48 hivi. Asilimia 40 ya nguvu uliyoinunua imeondoka kwa kubadilisha gia mara moja. Konveta, kiungo cha oili kati ya injini na boksi la gia, ikiteleza hupunguza anguko hilo, hailiondoi. Injini inaanza kupanda upya, ikikaribia kilele inaingia gia ya tatu, na hapo tena inashuka hadi kilowati 57 au chini yake.

CVT haina anguko hilo. Mkanda wa chuma unapita kati ya puli mbili zinazobana na kuachia, uwiano unabadilika taratibu bila ngazi, na injini inaachwa karibu na kilele chake huku gari likichanganya. Ule mlio usiobadilika ndio kazi yenyewe. Tuseme CVT inakula asilimia 15 ya nguvu njiani: zinabaki kilowati 68, na zinabaki hivyo muda wote. Zile 48 za mwenzake nazo bado hazijakatwa chochote.

Mwaka 1993 timu ya Williams ilijaribu gari la Formula 1 lenye CVT, David Coulthard akiwa kwenye usukani. Halikuwahi kushindana, kwa kuwa kanuni za 1994 zilitaka gia zenye uwiano usiobadilika. Hakuna anayeandika kanuni ya kuzuia kitu kisichovuta.

Mafundi wana hoja zao, na ni nzito. Mkanda hushikwa kwa presha ya oili, na pampu ya kutengeneza presha hiyo inakula nguvu zaidi kuliko ile ya otomatiki ya gia za meno. Ukikanyaga ghafla, injini lazima ipande kwanza ndipo gari lisogee, kwa hiyo kuna kusita kidogo ambako mwenye manyuali hakujui. Halafu kuna uimara. Nissan huko Marekani iliwahi kuongeza dhamana ya CVT za magari yake ya 2003 hadi 2010 kufikia miaka 10 au maili 120,000. Hilo halifanywi kwa kitu kisicho na matatizo. Gari lililojaa abiria na mizigo likipanda mlima Kitonga kule Iringa linaipasha oili hiyo joto kali, na kama kuna mtu aliwahi kujaza ATF (oili ya otomatiki za gia) ya kawaida badala ya oili ya CVT, mkanda utateleza na kuzikwangua puli.

Gia zikiwa nyingi, hesabu yangu inabadilika. Kwenye boksi la gia nane hatua ni fupi, injini haianguki sana, na meno hayapotezi nguvu nyingi. GR Yaris, gari dogo la michezo la Toyota, ilipopewa otomatiki mwaka 2024, ilipewa ya gia nane, na hapo sina ubishi. Lakini mteja wetu wa yadini hachagui kati ya CVT na gia nane. Anachagua kati ya CVT na gia nne.

Kinachoniuma ni watengenezaji waliosikiliza malalamiko ya masikio. CVT nyingi za sasa zina programu inayoangusha resi kwa makusudi ili dereva ahisi gia zinabadilika. Kilowati zinatupwa ili mlio upendeze. Toyota mwaka 2018 walileta dawa ya ugonjwa wenyewe: gia halisi ya kuondokea, na mkanda unapokea gari likishachanganya.

Mwenye shaka atafute barabara iliyo wazi, abiria ashike saa ya simu, wapime kutoka spidi 40 hadi 80 kwa Fielder zote mbili, redio ikiwa juu kiasi cha kutosikia injini.