Mtunzi yuko wapi kwenye Mradi wa Nile?

Mwaka 2011, baada ya onesho la muziki wa Ethiopia mjini Oakland, California, watu wawili walikaa wakazungumza. Mmoja alikuwa Mina Girgis, Mmisri aliyesomea muziki wa jamii za dunia. Mwingine alikuwa Meklit Hadero, mwimbaji mzaliwa wa Ethiopia aliyekulia Marekani. Kwao wote ni kwenye maji ya mto mmoja, lakini kila mmoja aliujulia ughaibuni muziki wa kwao mwenzake. Mazungumzo hayo yakazaa The Nile Project, yaani Mradi wa Nile. Januari 2013 wanamuziki wa bonde la mto Nile walikutana Aswan, kusini mwa Misri, wakakaa kambini, wakatunga pamoja na kupanda jukwaani. Albamu ya kwanza ikaitwa Aswan. Mwaka 2017 ikatoka Jinja, jina la mji wa Uganda ambako mto unaliaga Ziwa Victoria.

Wakati ulikuwa mgumu. Mwaka huohuo wa 2011 Ethiopia ilianza kujenga bwawa lake kubwa, na Misri ikaanza kuhesabu kila tone. Kuwakalisha Mmisri, Mwethiopia na Msudani chumba kimoja na Mkenya, Mganda na Mrundi, kila mtu na ala yake, halafu kuwaambia watoke na wimbo mmoja, lilikuwa jambo la kijasiri. Nauheshimu mradi huu na naamini ulifanya ambacho mikutano ya mawaziri wa maji haikuweza.

Lakini aina hii ya mradi, yaani kukusanya wanamuziki, kuwaweka kambini wiki kadhaa, kutunga pamoja na kuzunguka majukwaani, sasa ni mojawapo ya njia kuu ambazo tungo mpya za Afrika zinapitia kufika kwenye kumbi kubwa. Hapo ndipo swali langu lilipo. Je, njia hii inamkuza mtunzi, au inamkuza mpigaji na mradi wenyewe huku mtunzi akibaki nyuma ya pazia?

Nianze na wanaoutetea, maana hoja zao ni nzito kuliko wengi wanavyodhani.

Ukitoka ufukweni mwa Ziwa Victoria ukafuata maji hadi Mediterania, ala moja inakusindikiza njia nzima ikibadili jina. Wajaluo wana nyatiti, Wabukusu wana litungu, Wakurya wa Tarime wana iritungu, Baganda na Basoga wana endongo. Ethiopia ni krar. Kwa Wanubi ni kisir, na Port Said na Suez ni simsimiyya. Zote zina umbo lilelile: mwili wa chini, mikono miwili iliyopanda juu, mti uliolazwa kati yake, na nyuzi. Hata hivyo, ziweke pamoja na hazielewani. Muziki wa Kiarabu una sauti zinazoangukia katikati ya vitufe vya piano. Ethiopia ina ngazi zake za sauti tano, tizita na bati zikiwa maarufu zaidi. Nyatiti nayo hukazwa kwa kufuata koo la mwimbaji. Kazi ya kukaza na kulegeza nyuzi hadi ala hizi zikubaliane haiwezi kufanywa na mtu mmoja mezani kwake na kalamu. Inahitaji watu, masikio na siku nyingi. Kwa hiyo anayesema kwamba kutunga kwa pamoja hakukuwa chaguo bali ndiyo kazi yenyewe, ana haki.

Kuna hoja ya ndani zaidi, na inatoka Buganda. Amadinda, marimba ya Buganda, ina mbao 12. Wapigaji wawili hukaa kuikabili kutoka pande mbili. Wa kwanza, omunazi, anapiga mfuatano wake kwa mwendo ulio sawa. Wa pili, omwawuzi, anaingiza mapigo yake katika kila nafasi iliyo kati ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu, omukoonezi, anakaa kwenye mbao mbili za mwisho za sauti ya juu na kunyanyua zile sauti anazozisikia zikichomoza. Matokeo yake ni wimbo unaosikika wazi kabisa, lakini ukiangalia mikono ya kila mmoja hakuna anayeupiga. Mwite mmoja wao pembeni umwambie auimbe kama alivyoupiga yeye, utasikia kitu kingine. Katika muziki wa namna hii, kuuliza mtunzi ni nani kunaweza kuonekana ni kulazimisha desturi ya Ulaya mahali ambapo haikualikwa.

Hoja hii nimeitafakari muda mrefu. Naikubali kuhusu jinsi muziki unavyopigwa, ila siikubali kuhusu jinsi unavyotungwa. Nyimbo nyingi za amadinda zilitokana na waimbaji na wapiga ala wa ikulu ya Kabaka, watu waliokuwa na majina na sifa zao. Kwamba majina mengi yamepotea hakuthibitishi kwamba watunzi hawakuwepo. Kunathibitisha tu kwamba jina lisipowekwa mahali, linapotea.

Sasa tutazame upande wa pili, kwa mfano wa Uganda hiyohiyo. Mwaka 1992 Kronos Quartet, kundi la Marekani la vyombo vinne vya nyuzi lililoanzishwa na David Harrington mwaka 1973, lilitoa albamu ya Pieces of Africa. Ndani yake mlikuwa na kazi ya Justinian Tamusuza, mtunzi wa Uganda aliyefundisha Makerere: Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani katika njia ya msalaba. Tamusuza aliandika kwa fidla mbili, viola na selo, lakini masikio yake yalikuwa Buganda. Nyuzi zinadonolewa kama ala za nyumbani, mbao za fidla zinagongwa, na mapigo yanaingiliana kama ya akina omunazi na omwawuzi. Albamu ilishika namba moja Marekani kwenye orodha za Billboard, ya klasiki na ya muziki wa dunia.

Tofauti ni hii: Kronos walipomaliza ziara, kazi ya Tamusuza haikuisha. Iko kwenye karatasi na ina jina lake. Vijana wanne wa Nairobi au Seoul wakizipata nota wanaweza kuipiga leo bila kumpigia mtu simu. Tungo ya Mradi wa Nile inawahitaji watu walewale, ala zilezile na kambi nyingine.

Mtu atasema, na ni kweli, kwamba njia ya Kronos nayo ina mwenye nyumba. Wao ndio walioagiza na kuchagua kipi kinafaa, na mtunzi alipaswa kuingia kwenye vyombo vyao. Nyatiti haipigwi kwa vidole peke yake. Mpigaji hukaa kwenye kigoda cha chini, ala imelazwa ubavu, amevaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na anagonga nayo ukingo wa ala huku njuga zikilia mguuni. Nyuzi nane, mguu na koo ni kitu kimoja. Ukiandika nyuzi tu umeandika nusu. Ukimpa selo mpigo wa ile pete, umepata mpigo na kupoteza chuma.

Hata hivyo, Kronos wenyewe wameonesha kwamba kuna njia ya kati. Mwaka 2015 walianzisha Fifty for the Future: kazi mpya 50 kutoka kwa watunzi wa dunia nzima, nusu wanawake na nusu wanaume, nota zote zikiwekwa mtandaoni bure pamoja na rekodi. Wawili kati yao ni wa Mali, Fodé Lassana Diabaté, mpiga balafoni, marimba yenye vibuyu, na Hawa Kassé Mady Diabaté, mwimbaji wa ukoo wa magrioti, yaani waimbaji na wasimulizi wa kurithi. Jacob Garchik ndiye aliyeupanga muziki wao upigwe na Kronos. Mtunzi akabaki kuwa mtunzi na mpangaji akabaki kuwa mpangaji, kila mmoja kwa jina lake. Ule mlio wa kutetema wa vibuyu vya balafoni haukuvuka, nami nausikitikia. Lakini umiliki ulivuka salama.

Umiliki si suala la heshima tu. Wanaogawa mirabaha ya muziki, kama UPRS wa Uganda, hawawezi kumlipa mto. Wanamlipa mtu aliyeandikishwa, au watu kadhaa waliokubaliana mgawo. Wanamuziki wanaokaa wiki tatu wakichangia kila mmoja kipande, wakaondoka bila makubaliano ya maandishi, hugombana miaka mitano baadaye wimbo ukitumika kwenye tangazo. Hilo haliletwi na ubaya wa mtu. Kambini kuna furaha, na furaha haiandiki mikataba.

Faida kwa wapigaji siibishii. Kasiva Mutua, mpiga ngoma wa Kenya, alipitia mradi huu, na mwaka 2017 alizungumza kwenye jukwaa la TED kuhusu mwanamke na ngoma. Jina lake likafahamika kwa haki kabisa. Ila angalia ni jina la nani linalobaki vinywani: la mpigaji aliyeonekana na la mradi uliokuwa kwenye bango. Mwaka 2015 Mradi wa Nile ulizunguka vyuo vikuu vya Marekani kwa miezi. Ni wangapi kati ya waliokaa ukumbini wanaoweza kutaja mtunzi mmoja wa wimbo mmoja?

Kinachonipa nguvu ya kudai zaidi ni kwamba sisi wenyewe tuna mfano, na hauna mfadhili. Ingia kwenye mazoezi ya kwaya yoyote ya Kikatoliki Mwanza, Bukoba au Kisumu. Karatasi ya nota inayogawiwa ina jina la mtunzi juu kulia, mara nyingi na mahali na tarehe alipoutunga. Mwalimu wa kwaya anaanza na sauti ya kwanza, anakwenda ya pili, teno, besi, na kabla ya Jumapili wimbo umesimama. Bernard Mukasa, mtunzi wa nyimbo za Kikatoliki wa Tanzania, hahitaji kusafiri ili kazi yake iimbwe parokia asiyowahi kuiona. Kwenye tovuti ya Swahili Music Notes kuna maelfu ya nyimbo za namna hiyo, na waumini wanaotofautisha mkono wa mtunzi huyu na wa yule ni wengi kuliko tunavyowapa sifa. Kasoro ya mfumo huu ni malipo: nota zinatolewa kopi tu, na mtunzi hapati kitu. Lakini kutangaza watunzi walio hai tunakujua.

Kwa hiyo mradi mwingine wa aina ya Nile ukija, na naomba uje, masharti yangu ni machache. Siku tatu za mwisho wa kambi ziwe za kuandika na kurekodi kila ala peke yake, pete ya nyatiti ikiwa na mstari wake, ili mpigaji wa Siaya asiyekuwepo aweze kujifunza. Mgawo wa utunzi usainiwe kabla ya onesho la kwanza. Bango liwe na majina ya watunzi kwa herufi kubwa kama za jina la mradi. Na angalau kazi moja ipangwe kwa kwaya, itumwe kwa walimu wa kwaya wa Tarime na Musoma, maana mto Mara unaingia Ziwa Victoria na maji yake yanafika Aswan.