Jar ya WhatsApp si toleo

Jumamosi iliyopita saa nne asubuhi nilikuwa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, nimekalia gunia la dagaa la mtu, laptopu mapajani, natakiwa nieleze kwa nini mteja amekatwa shilingi 420,000 mara mbili. Mteja mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, katokea Sengerema, jicho moja kwenye simu na jingine kwenye saa, maana kivuko cha Kamanga hakimsubiri mtu. Mama mwenye biashara, niliyemwekea mfumo wa malipo, hakufoka. Aliniambia tu, "Mwanangu, si wewe uliyeniambia mashine haikosei hesabu?" Heri angefoka.

Kosa nililipata jioni nyumbani Nyegezi, umeme uliporudi. Kwenye laptopu yangu kulikuwa na faili linaitwa sdk-final-mpya.jar, yaani laibrari ya malipo iliyokwishajengwa, ambayo mfumo wangu unaitegemea. Kwenye seva kulikuwa na faili linaitwa sdk-final-mpya.jar. Yote mawili yanasoma MB 2.1. Nikayapitisha kwenye sha256sum, programu inayotoa alama ya kila faili kutokana na yaliyomo ndani yake, na tangu herufi ya kwanza hayakufanana. Lile la kwenye laptopu, mtandao ukichelewa kujibu, linarudia ombi la malipo kwa namba ileile ya kumbukumbu, kwa hiyo upande wa pili wanajua ni ombi lilelile. Lile la kwenye seva linarudia kwa namba mpya. Na pale Mwaloni asubuhi ya Jumamosi, watu wote wako kwenye simu, mtandao kuchelewa ndiyo kawaida yake. Mimi nilikuwa nimejaribu weee kwenye laptopu, kila kitu shwari.

Yametoka wapi? Yote mawili kwa kijana mmoja wa kampuni ya malipo ya huko Dar, kwa WhatsApp, wiki tatu zikipishana. La pili lilikuja na ujumbe: "Kaka tumia hii, ile ya mwanzo ina shida kidogo." Shida kidogo! Nami, nakiri, nililiweka kwenye laptopu nikasahau seva. Hilo ni langu. Lakini nani anatoa faili jipya kwa jina la zamani halafu analala usingizi?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hawa jamaa wanajinadi kuwa laibrari yao ni huria, yaani wazi kwa kila mtu. Msimbo, yaani maandishi ya programu, upo kweli kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo; nimeusoma, na si mbaya. Ila ukitafuta kilichojengwa tayari, ile jar yenyewe, hukuti kwenye Maven Central, hifadhi ya umma ya laibrari za Java, wala pengine popote pa umma. README, faili lao la maelezo, inakupeleka kwenye kiungo cha Google Drive. Unabonyeza, unaambiwa omba ruhusa. Unaomba. Siku mbili. Huria gani hii ya kubisha hodi?

Nimewasikia wanaosema, "Si ujenge mwenyewe, msimbo si unao?" Haya. Gradle, programu ya kujengea, peke yake inashuka zaidi ya MB 100 kabla hujaandika mstari hata mmoja, ukiongeza na vitegemezi, zile laibrari nyingine zinazohitajika, bando la wiki limekwisha. Halafu najenga kutoka wapi? Hawaweki alama ya toleo kwenye git, chombo kinachotunza historia ya msimbo. Kuna tawi kuu na kuna tawi linaitwa "fix". Nikijenga leo na mwenzangu wa Igoma akajenga keshokutwa, tuna vitu viwili na tunaviita jina moja. Tumerudi palepale.

Sasa nisikilizeni wadau. Watu wanadhani hifadhi ya umma ni sehemu ya kupakulia tu, kama kibanda cha kuchomea nyimbo cha zamani. Kazi yake kubwa ni kulinda jina. Kikundi, jina, toleo: mistari mitatu kwenye pom.xml, faili linaloeleza mradi na laibrari unazotumia. Ukishapakia 1.4.2 kwenye Maven Central, umepakia. Huibadilishi, huifuti. Umegundua umekosea? Toa 1.4.3 na uvumilie aibu. PyPI, hifadhi ya lugha ya Python, nao hivyohivyo, jina la faili likishatumika, hata ukilifuta hulirudii. Ule ukali ndio ninaoutaka. Nikisema "natumia 1.4.2", mimi, mwenzangu wa Igoma, seva na yule kijana wa Dar tunazungumzia baiti zilezile, leo na miaka mitano ijayo.

Hata hapo Mwaloni wanalijua hili. Gunia la dagaa linapopakiwa kwenye lori la kwenda mbali, lina herufi za mwenyewe zimeandikwa kwa rangi. Likifika huko likakutwa lina mchanga, herufi zinasema ni la nani. Hakuna mfanyabiashara anayepokea gunia lisilo na alama kwa kuambiwa "hili ni lile jipya". Sisi wa kompyuta, wasomi, ndio tunaopokea.

Desemba 2021 ile hitilafu ya usalama ya Log4j, laibrari ya Java, ilipotangazwa, waliokuwa wameandika toleo kwenye pom.xml walibadilisha namba, wakajenga upya, wakarudi kulala. Waliokuwa na majar yaliyonakiliwa kwenye folda ya "lib" walikesha wakifukua seva moja baada ya nyingine.

Mtanitajia xz, ile programu ya kubana mafaili iliyotiwa sumu, najua. Machi 2024 ikagundulika kwamba kipande cha kuamsha sumu kilikuwemo kwenye kifurushi cha toleo na hakikuwemo kwenye git, kwa hiyo kilichojengwa si lazima kilingane na kilichoandikwa. Kweli, na inatisha, sina ubishi. Lakini angalieni kilichofuata. Mhandisi Andres Freund aliona ssh, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, inachelewa kama nusu sekunde, akachimba, akatangaza, na siku hiyohiyo dunia nzima ilijua cha kutafuta: 5.6.0 na 5.6.1. Namba mbili tu. Siku sdk-final-mpya.jar ikiwa na sumu tutatangaza nini? "Jihadharini na ile ya kwanza, ya pili haina neno"?

Ndiyo, kuna usumbufu. Maven Central wanataka saini ya kidijitali ya GPG, jar ya msimbo, jar ya javadoc (maelezo ya msimbo), pom yenye leseni na jina la mhusika, na uthibitishe kwamba kikoa, yaani jina la tovuti, ni chako kwa kuweka rekodi ya TXT kwenye DNS, orodha ya majina ya mtandao. Mimi laibrari yangu ndogo ya kusawazisha namba za simu (mtu anaandika 0, mwingine 255, mwingine +255, mwingine anaacha nafasi katikati kama anaandika shairi) ilikataliwa mara tatu, mara moja kwa sababu tu sikuweka javadoc. Nilitukana. Ikapita. Na asiye na kikoa anaweza kutumia io.github na jina la akaunti yake, hivyo hata kisingizio hicho hakipo. Kampuni yenye ghorofa inashindwaje?

Wengine watasema hifadhi nazo hufa. JCenter, hifadhi nyingine ya Java, ilitangazwa kufungwa 2021, tukahamisha miradi kwa machozi. Sawa. Ila ilitangazwa. Simu ya kijana wa Dar ikiibiwa kariakoo nani ataniarifu?

Na kabla hamjaniuliza kwa nini nisiijenge mimi, niipakie kwa jina langu, niwaonyeshe: hakuna faili la leseni. Hawakuliweka. Msimbo upo wazi, kila mtu anausoma, na kisheria sina ruhusa ya kuusambaza. Maven Central wenyewe wasingeipokea pom bila leseni, kwa hiyo kama wangelazimika kupakia huko, hili nalo lingenyooka lenyewe.

Jumapili niliwaandikia barua pepe, kwa adabu zote, nikawaambatanishia pom iliyokamilika na faili la GitHub Actions, yaani maagizo ya GitHub kufanya kazi yenyewe, la kujenga na kutia saini kila wanapoweka alama ya toleo. Kazi ya bure. Jumatatu walinijibu, wakashukuru kwa ushirikiano wangu, wakasema watalifikisha kwa timu. Kulikuwa na kiambatisho.

Yule wa Sengerema alirudishiwa hela zake Jumatano, na mama ananipokea salamu, ingawa "marahaba" yake imekuwa fupi. Nyuma ya daftari lake la madeni, kwa ruhusa yake, nimeandika herufi nane za mwanzo za sha256 ya jar iliyoko kwenye seva, na tarehe. Aliniuliza hizo ni nini. Nikamwambia ni alama ya gunia.