Klabu ya Michezo, au ya Mchezo Mmoja?

Nyuma ya mlango wa sebule ya mzee mmoja jirani yetu, hapa Upanga, limesimama gongo la hoki. Ni la mti wa mforosadi. Mpini umezungushiwa utepe uliopauka, na ncha yake iliyopinda imelika upande mmoja tu, ule ulio bapa, maana sheria ya mchezo hairuhusu kupiga mpira kwa mgongo wa gongo. Juzi nilipita kumsalimu nikiwa na jezi yangu ya Yanga. Nilipokwisha kumwamkia, akainama kuisoma nembo kifuani.

"Mwanangu, hapa wameandika klabu ya michezo. Mmoja ni huu wa miguu. Mingine iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifikiria klabu moja ya mbali, Mohun Bagan ya Kolkata, India, ambayo iliulizwa swali kama hilo ikiwa bado changa kabisa.

Mohun Bagan ilianzishwa tarehe 15 Agosti 1889, na mwanzoni ilijiita Sporting Club. Kwa Waingereza wa enzi zile, jina hilo liliweza kubeba hata uwindaji na uvuvi. Inasimuliwa kwamba klabu ilipokaribia kutimiza mwaka mmoja, Profesa F. J. Rowe wa chuo cha Presidency aliwauliza waanzilishi: je, mnalenga shabaha kwa bunduki? Mnavua samaki? Wakasema hapana. Basi, akawaambia, badilisheni jina. Ikawa Mohun Bagan Athletic Club. Napenda sana kisa hicho, kwa sababu kinaonyesha watu waliokubali kwamba ukijiita kitu, lazima ukifanye.

Wapenzi wa soka wanaijua klabu hii kwa siku moja tu: 29 Julai 1911, fainali ya IFA Shield, kombe la soka la India, dhidi ya kikosi cha jeshi la Uingereza, East Yorkshire Regiment. Wachezaji 10 kati ya 11 wa Mohun Bagan waliingia uwanjani pekupeku. Waingereza wakatangulia kufunga, Shibdas Bhaduri akasawazisha, na zikiwa zimebaki dakika chache Abhilash Ghosh akatia la pili. Haikuwahi kutokea timu ya Wahindi kulitwaa kombe hilo, na mpaka leo mashabiki huiadhimisha kila mwaka tarehe hiyo.

Wana haki ya kuiadhimisha. Ninachosikitikia ni kwamba historia nzima ya klabu imegeuzwa kuwa alasiri moja ya mpira wa miguu, wakati hoki, yaani mpira wa magongo, nayo iliijengea heshima kubwa. Mwaka 1952 Mohun Bagan ilitwaa Kombe la Beighton, mashindano ya hoki yaliyoanza Kolkata mwaka 1895 na ambayo ni miongoni mwa ya zamani zaidi duniani. Klabuni hapo alicheza Keshav Dutt, mzaliwa wa Lahore, aliyekuwamo katika timu ya India iliyoifunga Uingereza 4-0 kwenye fainali ya Olimpiki ya 1948, pale Wembley, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Mwaka 1952 akachukua dhahabu ya pili. Pamoja na yote hayo, tuzo ya juu ya klabu, Mohun Bagan Ratna, alipewa mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 93, na ndiye wa kwanza kuipata asiyekuwa mwanasoka. Aliaga dunia mwaka 2021. Heshima ilimfikia akiwa hai, lakini iliponea chupuchupu.

Michezo hiyo miwili haikugombana zamani. Pale Maidan, uwanda mpana wa Kolkata ambao ardhi yake ni ya jeshi, magongo yalichezwa miezi ya ukavu mwanzoni mwa mwaka, nyasi zikiwa fupi na ardhi ngumu. Mvua zikikaribia, msimu wa soka ukaanza. Uwanja mmoja ulitosha kwa timu mbili, na shabiki mmoja aliziimbia zote. Kisha Olimpiki ya Montreal ya 1976 ikachezesha hoki kwenye nyasi bandia, na tangu hapo asiye na zulia hilo la gharama hana mchezo wa kimataifa. Ule ujirani ukavunjika. Fedha zikafuata soka, na mwanzoni mwa karne hii timu ya magongo ya Mohun Bagan ikafa, ikakaa takriban miaka 20 bila kurudi uwanjani. Nimefurahi kwamba wameifufua.

Sasa nirudi nyumbani kwenye lile swali la mzee. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, na zote mbili zina neno "michezo" kwenye majina yao. Tunajadili hisa, mwekezaji na usajili usiku kucha, lakini mtoto wa Kariakoo mwenye mkono mwepesi na jicho kali, ambaye miguu yake si ya soka, hana mlango wa kugonga Jangwani wala Msimbazi.

Watu hucheka nikitaja magongo. Wanakumbuka Olimpiki ya Moscow 1980, India walipotufunga Watanzania 18-0. Ndiyo, tulifungwa, na India ndio waliochukua dhahabu. Lakini tulikuwapo! Timu yetu ya taifa ya magongo imeshacheza Olimpiki. Ile ya soka, tunayoipa kila kitu, haijawahi kufika huko hata mara moja.

Siombi zulia la mamilioni. Naomba Yanga yangu ianze na vijana 20, magongo 20 na uwanja wowote wa shule wenye ardhi tambarare, siku za Jumamosi asubuhi, jezi zikiwa zilezile za kijani na njano. Nimemwambia mzee kwamba nitaandika haya. Akalichukua gongo nyuma ya mlango, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akanipa nilishike. Ni zito kuliko nilivyodhani. Ameniambia likipatikana darasa la kwanza la vijana hao, yeye yuko tayari kwenda kuwafundisha namna ya kulishika.