Maneno ya tovuti yako yatoke kwa anayejibu simu

Shangazi yangu ana karakana ya viti Kibuye, hapa Kisumu. Mwaka jana aliilipa kampuni moja shilingi 35,000 imtengenezee tovuti, kisha akaongeza 12,000 kwa ahadi kwamba angekuwa wa kwanza kwenye Google. Miezi mitano ikapita bila kupigiwa simu hata moja na mteja wa mtandaoni. Akaniita. "Mwanangu, hebu niangalizie. Mimi nikitafuta viti naletewa vya Nairobi tu."

Nilifungua Google nikaandika site, nukta pacha, halafu anwani ya tovuti yake bila kuacha nafasi. Ndiyo njia ya haraka ya kuona Google ina kurasa zipi za tovuti fulani. Haikuwa na hata mmoja. Tovuti ilijengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na kwenye mipangilio ya WordPress, sehemu ya kusoma, kuna kisanduku kidogo kinachoziomba injini za utafutaji kama Google ziiache tovuti. Mafundi hukitia alama kazi ikiwa bado inaendelea, ili isionekane kabla haijakamilika. Hawa walimaliza, wakachukua pesa, alama wakaiacha palepale.

Nilikasirika, na hasira hiyo haijaisha. Zile 12,000 zilikuwa za nini? Nilipochungulia msimbo wa ukurasa, yale maandishi ya kompyuta yaliyo nyuma yake, nilikuta orodha ya maneno muhimu zaidi ya sitini yaliyofichwa humo. Google ilitangaza waziwazi mwaka 2009 kwamba orodha hiyo haiitumii kupanga matokeo. Nikakuta pia ripoti ya mamia ya viungo, yaani linki za kumleta mtu kwenye tovuti ya shangazi, vilivyonunuliwa kutoka tovuti zisizohusiana kwa vyovyote na mbao wala sponji. Viungo vya namna hiyo vinaweza kukushusha, na tangu Google ilipoleta badiliko liitwalo Penguin mwaka 2012, tovuti nyingi zimeporomoka kwa sababu yake. Na nafasi ya kwanza hakuna wa kuiahidi. Google haipokei pesa kuipandisha tovuti katika matokeo ya kawaida. Kinacholipiwa ni tangazo, nalo huwekewa alama ya tangazo. Mtu akikuhakikishia namba moja, rudisha pesa zako mfukoni.

Kisanduku tulikiondoa alama siku hiyohiyo. Lakini kilichonisukuma kuandika ni kingine. Ukurasa wa mbele ulisema, "Karibu kwenye ulimwengu wa starehe na ubora." Kichwa cha ukurasa, yale maandishi makubwa ambayo mtafutaji hubofya kwenye matokeo, kilikuwa "Nyumbani". Neno sofa halikuwamo popote. Kibuye na Kisumu zilikuwa ndani ya picha ya bango tu, ilhali roboti za Google, yaani programu zinazosoma kurasa, hutegemea zaidi maandishi ya kawaida kuliko yaliyochorwa kwenye picha. Mtu wa mtaa wa Mamboleo akiandika "sofa ya watu saba Kisumu bei", Google itajuaje kwamba shangazi anazo?

Kwa maoni yangu, maneno ya tovuti hayafai kuandikwa na fundi wa tovuti. Aandike yule anayejibu simu za wateja, au angalau aseme mwingine akiandika. Yeye ndiye anayejua watu wanaviitaje vitu. Muuza samaki wa Dunga akijaza ukurasa wake sangara na sato, kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, atakuwa amewakosa majirani zake wanaotafuta samaki haohao kwa majina ya mbuta na ngege. Mfugaji wa Nakuru anayetaka vifaranga vya kienyeji huandika hivyohivyo, vifaranga vya kienyeji, pengine na neno bei mwishoni. Hakuna anayetafuta "suluhisho za ufugaji wa kisasa". Nasikitika kuona tovuti nyingi za huku kwetu zikiandikwa kana kwamba msomaji ni mfadhili, na mara nyingi kwa Kiingereza kitupu, wakati mnunuzi anauliza kwa Kiswahili.

Basi Jumapili moja, siku ambayo soko la Kibuye hufurika, nilikaa karakanani na daftari. Kila swali la mteja nililiandika kama lilivyotamkwa. Hii ni mbao gani? Ya kona mnauzaje? Naweza kulipa kidogokidogo? Maswali hayo ndiyo yaliyokuwa vichwa vya aya kwenye tovuti, na majibu ya shangazi yakawa aya zenyewe. Kichwa cha ukurasa wa mbele sasa ni "Sofa na viti vya sebuleni Kibuye, Kisumu: bei na picha".

Mengine yalikuwa mepesi. Picha zilikuwa na uzito wa megabaiti nne kila moja, nasi tukazipunguza, kwa sababu mteja anafungua kwa simu na bando lake, na Google yenyewe husoma kwanza ukurasa kama unavyoonekana kwenye simu. Kila picha tukaipa maelezo yake kwa maneno. Karakana tukaisajili kwenye Ramani za Google, jambo ambalo ni bure, alama ikawekwa langoni hasa.

Kuna chombo kingine cha bure, Search Console, ambacho nadhani kila mwenye tovuti angekifungua kabla ya kumlipa mtu yeyote. Hukuonyesha maneno ambayo watu waliandika tovuti yako ikatokea. Wiki ya tatu tulikuta "kurekebisha sofa Kisumu". Shangazi hurekebisha sofa karibu kila wiki, hubadilisha sponji na kitambaa, na tovuti haikuwa imeitaja kazi hiyo hata kidogo. "Kwani hilo nalo ni la kuandika?" aliniuliza. Nikamwomba anieleze jinsi anavyoifanya, hatua kwa hatua. Alisema kwa dakika kumi, nami nikachapa asemavyo.

Tangu hapo yeye mwenyewe huweka daftari kando ya simu. Swali lililojirudia zaidi mwezi huu ni "Mnaleta mpaka Bondo?" Ukurasa wa usafirishaji tumeuanza jana usiku, na jana hiyohiyo alikuwa akimpigia mwenye pikapu kuulizia nauli ya Bondo, Siaya na Ahero, ili bei ziandikwe waziwazi.