Mshahara wa mtu wa kanzidata uko kwenye gharama ya kosa lake

Tangazo la kazi linaweza kukwambia mshahara hata kama halikuutaja. Likiorodhesha Java, Python, PHP, SQL, mitandao, pamoja na kurekebisha printa za ofisi, jua mwajiri hajui anachonunua, na asiyejua anachonunua huuliza bei ya chini tu. Likitaja muda wa kurejesha mfumo baada ya hitilafu, seva ya akiba inayopokea kazi ya kwanza inapoanguka, na zamu za usiku, basi kuna mtu pale aliyewahi kukaa chini na kikokotoo akapiga hesabu ya hasara. Huyo analipa.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Mtu wa programu, na hasa mtu wa kanzidata (database, ghala la data la kampuni), halipwi kwa idadi ya lugha alizojifunza. Analipwa kwa ukubwa wa hasara ambayo kosa lake lingeleta, au kwa pesa anayoiokoa ikaonekana kwenye vitabu vya mhasibu. Vyeti, miaka ya kazi na jina la cheo vinafuata nyuma.

Tazama Marekani, ambako Ofisi ya Takwimu za Kazi huchapisha mishahara kila mwaka. Mei 2024 mshahara wa katikati wa msimamizi wa kanzidata ulikuwa dola 104,620 kwa mwaka. Wa mtengenezaji programu ulikuwa dola 133,080. Wa msanifu wa kanzidata, yule anayeamua data ikae vipi kabla jedwali la kwanza halijaundwa, ulikuwa dola 135,980. Msimamizi na msanifu wanashughulika na kitu kile kile, lakini wanapishana kwa zaidi ya dola 31,000. Sababu mojawapo haijifichi: tangu Amazon ilipotoa RDS, huduma ya kanzidata za kukodi mtandaoni, mwaka 2009, kufunga kanzidata, kuitia viraka na kuichukulia nakala kila usiku ni kazi inayofanywa na wingu, yaani hizo kompyuta za kukodi, kwa kubonyeza kitufe. Anayetegemea hayo peke yake bei yake inashuka. Wingu halitaamua kama miamala ya mawakala igawanywe kwa tarehe au kwa namba ya akaunti, wala halitajua ni nani hasa anayehitaji ile ripoti ya mwisho wa mwezi iliyokula dakika 3 mwezi jana na 40 mwezi huu.

Sasa gharama ya kosa. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa watengenezaji programu, alifuta folda ya data akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye seva kuu. Gigabaiti 300 hivi zikabaki 4.5. Nakala za kila siku zilizotakiwa kuokoa jahazi hazikuwepo: zana ya kuchukulia nakala ilikuwa ya PostgreSQL (programu ya kanzidata ya bure) toleo la 9.2, kanzidata yenyewe toleo la 9.6, ikawa inagoma kila siku kimya kimya. Barua pepe za onyo zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichobaki ni picha ya diski iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa 6 ikapotea, na kampuni ikaeleza yote hadharani, jambo la kupongezwa.

Ofisini kwako pia kuna mlolongo wa namna hiyo, na anayetaka nyongeza aanze kwa kuutafuta. Kila mwezi rejesha nakala ya jana usiku kwenye seva ya pembeni isiyotumiwa na mtu. Andika ukubwa wake, dakika ilizochukua kurudi, idadi ya safu mlalo kwenye majedwali matatu makubwa ukilinganisha na seva kuu, na saa ya muamala wa mwisho uliomo. Hiyo saa ya mwisho ndiyo inayosema ukweli. Kama pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kuchukulia nakala, inapita saa 8 usiku na diski ikafa saa 11 jioni, umepoteza saa 15. Mfumo unaopitisha miamala 4,000 kwa saa utakuwa na miamala 60,000 ya kutafutwa kwenye meseji za simu za wateja. Ukichukua nakala ya msingi kila wiki, ukahamisha faili za WAL (kumbukumbu za kila badiliko) nje ya seva, na archive_timeout, muda wa juu kabla faili mpya haijahamishwa, ukaiweka sekunde 60, pengo linashuka hadi dakika moja hivi. Hasara unayoizungumzia ni miamala 67 badala ya 60,000.

Karatasi hiyo ikiwa na miezi 6, ipeleke kwa mkuu wa fedha. Usiipeleke kwa mkuu wa TEHAMA peke yake, kwani yeye naye anapigania bajeti ile ile. Mkuu wa fedha hajui WAL ni nini, lakini miamala 60,000 anaijua.

Upande wa pili ni kuokoa, na hapa leseni za Oracle, programu ya kanzidata ya kulipia, ni mgodi ambao wengi wanaupita juu. Bei ya orodha ya toleo la Enterprise ni dola 47,500 kwa leseni ya prosesa moja, na kila mwaka unalipa asilimia 22 ya msaada juu yake. Kwa chipu za Intel kila koa (core, kiini cha chipu kinachofanya hesabu) inahesabiwa nusu, hivyo seva ya koa 16 inadai leseni 8: dola 380,000 za kununulia, na dola 83,600 kila mwaka za msaada. Punguzo hutolewa, ndiyo, lakini hata likiwa nusu, ada hiyo ya kila mwaka bado ni zaidi ya shilingi milioni 5 za Kenya.

Mtego uko kwenye viongezi. Diagnostics Pack ni dola 7,500 kwa prosesa na Tuning Pack dola 5,000, na kwenye Enterprise vyote viwili huja vimewashwa tayari bila kukuuliza kama umevilipia. Kijana mwenye bidii anafungua ripoti ya AWR, ya utendaji wa kanzidata na iliyo chini ya Diagnostics Pack, kutafuta kwa nini mfumo ni mzito, Oracle inaandika kwamba kiongezi kimetumika, na siku wakaguzi wa leseni wanapobisha hodi kampuni inakuta deni la dola 60,000 kwa ile seva moja. Tiba ni mstari mmoja: kigezo cha control_management_pack_access kiwekwe NONE, kisha Statspack, zana ya ripoti za namna hiyo ambayo ni bure, ifanye kazi. Balaa jingine ni kuweka Oracle ndani ya VMware, programu inayogawa seva kuwa mashine kadhaa za kufikirika. Oracle haikubali kwamba umetenga koa 4 tu, inataka kuhesabu seva zote ambazo mashine hiyo inaweza kuhamia. Anayejua haya akasoma mkataba kabla haujasainiwa ameshalipa mshahara wake wa miaka kadhaa, ila ahakikishe kiasi kimeandikwa kwenye tathmini yake ya mwaka, maana shukrani za mdomo hazifiki kwenye hati ya malipo.

Kuhamia PostgreSQL kunafuta leseni lakini hakufuti kazi. Oracle huchukulia neno tupu kuwa ni NULL (hakuna thamani) na PostgreSQL haichukulii hivyo, basi masharti ya WHERE, yanayochuja data, yaliyokuwa yakirudisha safu 900 yanaanza kurudisha 870 bila kosa lolote kuonekana. Anayekadiria uhamisho kwa wiki mbili hajawahi kuufanya.

Nimeonyesha kwamba kosa lina bei, lakini bei hiyo inategemea pia nani analipa na akiwa wapi. GitLab hao hao kwa miaka kadhaa waliweka hadharani kikokotoo cha mishahara yao: kiwango cha San Francisco kinazidishwa kwa kigezo cha mji unaoishi. Seva ni ile ile, zamu ni ile ile, ila ukiwa mji wa bei nafuu unapokea sehemu tu. 37signals, kampuni ya programu ya Marekani, wao hulipa kiwango kimoja popote ulipo, kinachofuata mishahara ya juu ya San Francisco. Kwangu mimi mfumo wa pili ndio wa haki, lakini walio hivyo ni wachache, basi kabla ya kutaja bei uliza kampuni inafuata upi. Ukikuta kikokotoo cha mji, mjadala wa mji umeshafungwa. Pambania ngazi, kwa sababu kwenye kanuni hiyo ngazi nayo inazidisha.

Vijana wachanga ndio wanaoumia zaidi hapa. Septemba 2019 Andela, kampuni inayounganisha watengenezaji programu wa Afrika na wateja wa mbali, iliachisha mamia ya watengenezaji programu wachanga Nigeria, Uganda na Kenya, ikasema wazi kwamba soko lilitaka wazoefu. Hawakukosa akili. Hakuna mteja wa mbali aliyekuwa tayari kuwaachia kitu ambacho kikiharibika kinauma, na bila kitu cha namna hiyo mkononi bei haipandi. Ndiyo maana mwaka mmoja kwenye SACCO ndogo ukiwa peke yako na kanzidata nzima nauona bora kuliko miaka mitatu ya kubadilisha rangi za vitufe kwenye kampuni yenye jina.

Kuna pia sheria ya kodi ya Marekani ambayo wachache huku wanaizungumzia. Tangu 2022 kampuni ya kule ikilipia utengenezaji wa programu nje ya nchi haitoi gharama hiyo yote kwenye faida ya mwaka huo, inaigawa kwa miaka 15. Ukilipwa dola 60,000 ukiwa Nairobi, mwaka wa kwanza wanaruhusiwa kukata 2,000 tu. Julai 2025 walirudisha unafuu kwa kazi iliyofanyika ndani ya Marekani, ya nje ikabaki pale pale. Lakini kutunza mfumo ambao umeshaanza kutumika, bila kuuongezea uwezo mpya, hakuingii kwenye kapu hilo. Kwa hiyo mkataba unaosema unaendesha na kulinda kanzidata una unafuu kwa mwajiri kuliko unaosema unaunda bidhaa, na maelezo ya kazi yaandikwe kulingana na kile unachofanya kweli.

Ukilipwa kwa dola, angalia na dola yenyewe. Januari 2024 ilikaribia shilingi 160 za Kenya. Machi ilikuwa kwenye 130 na kitu. Dola 2,000 zilizokuwa kama 320,000 zikawa kama 265,000 ndani ya wiki chache, na kodi ya nyumba haikushuka.

Makato ndiyo yanayowashangaza watu siku ya nyongeza. Tanzania, mshahara wa 3,000,000 kwanza unatoa NSSF asilimia 10, yaani 300,000. Inayobaki inakatwa PAYE ya 128,000 kwa milioni ya kwanza na asilimia 30 kwa kinachozidi: jumla 638,000. Kinachofika benki ni 2,062,000. Kama ulisomeshwa kwa mkopo wa HESLB, asilimia 15 nyingine inaondoka na unabaki na 1,612,000. Sasa uongezwe 500,000 ukiwa hapo: NSSF inachukua 50,000, kodi 135,000, HESLB 75,000, unaona 240,000. Kenya, kwa viwango vya 2025, mshahara wa 200,000 unatoa NSSF 4,320, SHIF (bima ya afya) 5,500, tozo ya nyumba 3,000, kisha PAYE ya kama 48,500, unabaki na takriban 138,600. Nyongeza ya 50,000 hapo inakuachia 33,500 hivi. Kwa hiyo taja namba unayotaka ifike benki, kisha irudishe nyuma hadi mshahara ghafi kabla hujaingia chumbani. Anayeomba "nusu milioni tu" akidhani ameomba nusu milioni ameshindwa kabla ya kuketi.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoamua kama mkataba wa ushauri ni mzuri. Mwajiri wa Tanzania mwenye watu 10 au zaidi anatoa juu ya mshahara wako NSSF asilimia 10, SDL (tozo ya ufundi stadi) 3.5 na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) 0.5. Ule mshahara wa 3,000,000 unamgharimu 3,420,000, na bado kuna siku 28 za likizo. Akikwambia "tukupe 3,000,000 hizo hizo ila kwa ankara," amekupunguzia. Kizidisho changu cha kugeuza mshahara kuwa ankara ni 1.35, na bima ya afya ikiwa juu yako na familia yako, 1.4.

Limebaki suala la simu ya usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na saa ya ziada kulipwa mara moja na nusu, lakini kinga hiyo haimhusu anayesimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Ukipewa cheo cha meneja wa kanzidata chenye msaidizi mmoja chini yako, uliza hilo kwanza. Kisha kipengele cha stendibai kiandikwe kwa namba: wiki ngapi kwa mwezi, dakika ngapi za kuitikia, nani wa pili usipopatikana, kiasi cha kila wiki hata simu isipolia, kiasi cha kila saa ikilia, na saa ngapi unaruhusiwa kuingia kesho yake ukiwa umekesha hadi saa 11 alfajiri ukirejesha data.